Mwanangu ageuza sebule kuwa ngome kila siku. Nimkataze?

"Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Tangu shule iwapeleke Fort Jesus muhula uliopita, kila akirudi nyumbani ni kujenga ngome. Avuta viti, ang'oa mito ya kochi, atandaza leso zangu juu, kisha aingia na dadake wa miaka miwili. Twaishi fleti ya vyumba viwili Kisauni na sebule ndiyo hiyo hiyo ya wageni. Ngome ikianguka hulia kama aliyepigwa. Nikimwambia abomoe tule, vita. Wakati mwingine hukaa mle peke yake na nikimwita haitiki. Mamangu asema mtoto anayependa kujificha gizani si mzima, ataingiliwa na jini. Babake asema muda huo bora angekuwa anaandika. Mimi naogopa joto na yule mdogo. Nimkataze, au nimjengee mwenyewe iwe imara?"

Dada yangu, swali lako la mwisho nalijibu kwa hapana mbili: usimkataze, na usimjengee. Wewe shika mambo matatu ambayo mtoto wa umri wake hana uwezo wa kuyapima, yaani uzito, hewa na kamba. Ujenzi wenyewe, kuanguka na hata kulia, mwachie. Nitaeleza ni kwa nini, ila nianze na neno la mamako, maana nahisi ndilo linalokukosesha raha.

Kupenda kujificha si ugonjwa. Karibu kila mtoto akifika miaka mitatu au minne huanza kutafuta kijumba chake: chini ya meza, nyuma ya pazia, uvunguni mwa kitanda. Watoto wa mashambani Kilifi na Kwale hukokota makuti wakajenga. Wa fleti hana kuti, ana leso ya mama. Mtafiti Mmarekani David Sobel aliwafuatilia watoto wa Uingereza na wa kisiwa cha Carriacou huko Karibi, akawakuta pande zote mbili wakijitengenezea maficho yao, ingawa mazingira yao ni tofauti kabisa.

Sababu moja ni kipimo. Nyumba nzima imepimwa kwa mtu mzima: kitasa kiko juu, swichi iko juu, kiti akikikalia miguu yaning'inia. Ndani ya kibanda ndipo pekee ambapo yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye anayeamua nani aingie na kwa neno gani la siri. Sababu nyingine ameieleza mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton tangu mwaka 1975: binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona bila yeye kuonekana. Hapo ndipo Fort Jesus ilipomnasa mwanao. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, na buruji zake, yaani minara ya ulinzi, zimechomoza pembeni ili mlinzi aliye upande huu auone vizuri ukuta wa upande ule. Mtoto wa PP2 hajui hesabu ya pembe hizo, lakini akichungulia kwenye tundu la ukuta ule mnene anaelewa papo hapo: mimi namwona, yeye hanioni. Sasa anataka na kwao kuwe na tundu kama lile.

Halafu kuna mapumziko. Ametoka darasani kwenye kelele za wenzake, amepanda tuktuk au matatu yenye muziki wake, amefika nyumbani TV inasema. Leso hupunguza mwanga, mito hupunguza sauti. Watoto wengi huingia kibandani kwa ajili hiyo tu, wakakaa kimya, kisha wakatoka wametulia. Asipoitika mara ya kwanza, huenda kweli hataki kuitika. Weka sharti moja na usilipindishe: humo ndani ni kwako, ila ukiitwa jina lako, ujibu. Si lazima atoke. Ajibu tu, ujue yuko sawa.

Mamako sitabishana naye katika imani yake. Kama moyo wake utatulia watoto wakisoma dua kabla ya kuingia, wafundishe, haina gharama. Na ndani ya hofu yake kuna jambo la kweli kabisa: mahali penye giza na mito iliyolundikwa sakafuni hupendwa pia na nge na tandu, hasa nyumba za chini na za uani. Mito na mkeka vikung'utwe kabla ya kujenga. Na mtoto asiyeonekana huwa amesahaulika upesi kuliko anayeonekana, kwa hiyo kibanda kisiwe na pande zote nne zilizozibwa. Mwambie mamako kwamba hilo umelichukua kwake.

Kwa babake, ningemwomba akae sakafuni robo saa asikilize tu. Atamsikia mwanawe akipanga kabla ya kutenda, akikumbuka alichotaka hata baada ya kuvurugwa na dadake, akitumia maneno ya mahali moja baada ya jingine: pitisha nyuma, hapana, chini ya ile, katikati, ndani zaidi. Maneno hayo ndiyo mlango wa hesabu na wa kusoma ramani. Ufagio umekuwa mzinga, sufuria imekuwa kofia ya askari. Na anayeweza kukubali kwamba kitu kimoja kinasimama badala ya kingine, huyo anajiandaa kukubali kwamba mstari uliopinda ni sauti fulani. Hata mtaala wa sasa wa PP1 na PP2 umeweka mchezo mbele kwa sababu hizo.

Na kuandika kwenyewe kumo. Nimewahi kumtazama mtoto wa rika la wako akipigana na kibanio cha nguo. Alikuwa akikibana kwa ncha za vidole, kinafyatuka na kuruka. Mamake alinyoosha mkono, nikamwomba asubiri kidogo. Mtoto akakigeuza, akakishika kwa kidole gumba na cha shahada, cha kati kikiegemeza kwa chini, akakibana kwenye leso kikakaa. Huo ndio mshiko tunaoutaka kwenye penseli. Kutambaa kuingia na kutoka humpa nguvu za mabega na viganja, na mabega yasipokuwa na nguvu mkono huchoka kabla ya mstari wa pili. Sisemi asiandike. Nasema saa moja ya ngome haijamwibia kitu.

Sasa kuanguka. Kitambaa kilichotandazwa kati ya viti viwili hakikai tu juu yake, kinavivuta viti vielekeane. Kadiri kinavyokazwa ili paa lisibonyee, ndivyo mvuto unavyozidi. Mtoto anajua jambo moja, kwamba paa lililobonyea ni baya, basi hukaza, akakaza tena, na kiti cha plastiki ambacho kina kilo 2 au 3 tu huinama ndani. Kosa la pili ni kuvipanga viti vikipeana migongo. Hapo miguu ya nyuma iko karibu mno na mgongo unaovutwa, na kiti hupinduka kwa urahisi. Vikitazama ndani, miguu ya mbele inakuwa mbali na mahali pa kuvutwa na kiti husimama. Leso ipitishwe juu ya mgongo wa kiti, mkia wake uning'inie nje, ubanwe kwa vibanio. Kwenye kikalio weka pakiti ya unga ya kilo 2. Paa acha libonyee kidogo.

Lakini usimsomee somo lote hilo siku moja. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika kuhusu watoto wa miaka 3, 4 na 5 waliokuwa wakijenga piramidi ya vipande vya mbao wakiwa na mwalimu kando. Mwalimu alitakiwa amwache mtoto afanye peke yake kadiri awezavyo, aingie pale tu anapokwama, na atoke akishaweza. Kwako itakuwa hivi. Ngome imeanguka, analia. Kaa karibu, mwache alie kidogo. Kazi yake imebomoka, ana haki. Akianza kupoa muulize, "Umeona ilianza kuanguka upande gani?" Akikuonyesha, muulize kiti kile kilienda wapi. Mara nyingi hapo atainuka mwenyewe. Asipoinuka, geuza kiti kimoja tu, cha pili mwachie. Ukijenga wewe, ngome itasimama vizuri sana na ataichoka siku hiyo hiyo, kwa sababu mchezo ulikuwa ni kujenga.

Kuhusu uzito, sheria yangu ni fupi: kizito kikae chini. Watoto hupenda kuishika leso kwa kuweka kitu juu ya meza au kabati: kitabu kikubwa, pasi, jiwe la kuzuia mlango, hata kinu. Leso ikivutwa na yule wa miaka miwili, kitu hicho chamwangukia kichwani. Vilevile leso isifungwe kwenye TV, kwenye meza ya TV, kwenye feni wala kwenye droo za kabati. TV za siku hizi ni nyepesi na bapa, huinama kwa mvuto mdogo, na kabati lisilofungwa ukutani huanguka lote. Jiko la gesi usilitaje hata kwa mchezo; kibanda kikae upande wa pili wa nyumba. Na godoro lililosimamishwa kama ukuta silipendi penye mtoto mdogo, kwa kuwa likimlalia hana nguvu ya kujitoa na sauti yake haitoki.

Joto umeogopa kwa haki. Februari na Machi mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka. Chini ya kitambaa kilichofungwa pande zote, watoto wawili huilowesha hewa hiyo zaidi. Leso ya pamba yapitisha hewa, ni paa zuri. Blanketi, turubai na shuka za kuteleza hazifai miezi hiyo. Acha matundu mawili yanayotazamana, moja lielekee dirisha linaloleta upepo. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi huenda si dirisha lile lile. Feni iwe nje, mbali kiasi kwamba leso haiwezi kuifikia, na waya wake usipite chini ya mkeka. Maji ya kunywa yawe karibu. Mtoto akiwa amelowa, analalamika kichwa au amelegea, mtoe, mvue, mpepee na mpe maji. Asiporudi hali yake upesi, mpeleke kituo cha afya.

Hewa ina upande mwingine unaotisha zaidi. Mifuko ya plastiki iliaga tangu marufuku ya Kenya ya Agosti 2017, lakini nailoni iliyofunika godoro jipya au TV mpya bado iko majumbani, na watoto wanaipenda kwa kuwa inang'aa kama kioo. Hugandamana na uso na mtoto mdogo hajui kuibandua. Itupe. Sanduku lenye kifuniko kizito, friji mbovu iliyowekwa uani, tangi tupu, gari lililoegeshwa: hayo si vibanda hata kwa dakika moja. Ngome nzuri kwa mtoto ni ile anayoweza kuibomoa kwa kusimama tu.

Kamba: na awe na vibanio, kamba usimpe huku dadake akiwa na miaka miwili. Kamba iliyofungwa kati ya viti hukaa usawa wa shingo ya mtoto anayekimbia, na kitanzi hakihitaji muda. Kamba za mapazia zifungwe juu wasikozifikia. Chandarua nacho kibaki kitandani, kwanza kinanasa, pili kikichanika mbu ndio watakaofaidi.

Gizani watataka taa. Mshumaa, koroboi na dawa ya mbu ya kuwasha haviingii kabisa. Tochi inatosha. Lakini angalia betri: vitaa vidogo vya rangi na wanasesere wenye mwanga vingi hutumia betri bapa za mviringo kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huanza kuchoma nyama ya ndani, na madhara makubwa yaweza kutokea katika muda wa saa 2. Kifuniko cha betri kiwe cha skrubu. Ukishuku amemeza, usingoje aonyeshe dalili, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Yule mdogo anaweza kucheza na kakake ukiwa chumba hicho hicho. Asilale humo kwenye mito, na ukienda jikoni, atoke uende naye. Kwa msomaji mwenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka: mito ya kochi na mtoto mchanga havipatani.

Nikupe na lile ambalo hukuuliza. Watoto wa jirani watakuja, maana ngome haifichiki. Waambie wote, kwa sauti ya kawaida bila kuwatisha, kwamba mtu mzima ana ruhusa ya kuchungulia wakati wowote, nguo hazivuliwi, na hakuna siri ya mwili. Mtoto mkubwa sana kuwazidi, wa miaka kumi na kitu, hana kazi ndani ya kibanda cha watoto wa chekechea.

Vita vya kubomoa vina tiba, ingawa haitakuwa ya siku moja. Kwake yeye unaposema "toa hivi vitu" unamwambia aharibu kazi yake, tena ghafla, akiwa katikati ya hadithi ambayo wewe huioni. Mpe taarifa kabla, na taarifa ya saa haimwambii kitu kwa umri huu. Tumia kinachotokea nyumbani kwenu: ikiadhiniwa magharibi ngome inafungwa. Ukienda kumkumbusha, ingia kwenye mchezo: askari wamebakiwa na kazi gani ya mwisho? Kisha abomoe yeye, kwa utaratibu: vibanio kwenye kikapu, leso zikunjwe, mito irudi. Kabla ya hapo mpige picha na ngome yake kwa simu. Ajabu ni kwamba wengi hukubali kubomoa wakishaona picha imehifadhiwa.

Leso zenyewe chagua mbili tatu zilizochakaa, mwambie hizi ni zako, na doti zako nzuri zifungie kabatini. Mwache ajaribu kusoma jina lililoandikwa chini ya leso. PP2 ataanza na silabi, na babake atakuwa na la kufurahia.

Kama una meza ya kulia, hiyo ndiyo mifupa bora kuliko viti. Haiinami, paa lipo tayari, leso ni za kuning'iniza kando tu, na wageni wakija unaziinua. Kwa fleti yenu ningeanza hapo. Katoni kubwa ya friji au ya kabati pia ni hazina, duka hukupa bure au kwa bei ndogo. Toa pini zote, ikague mende, kisha kata wewe mlango na madirisha mahali atakapokuonyesha. Hema za watoto za kukunjua zinazouzwa madukani si mbaya, hasa kwa mtoto anayehitaji kona ya kutulia kila siku, lakini hazijengwi, na nyingi ni za kitambaa cha nailoni kinachofuka joto. Ukiniuliza mimi, pesa hizo nunulia vibanio na mkeka.

Kuna wakati ambapo kibanda si mchezo tena. Mtoto anayejificha kila siku na wala hacheki, hamwiti mwenzake, hajengi chochote, anaziba masikio kwa sauti za kawaida, au ameacha maneno aliyokuwa akiyasema, huyo aonwe. Mtoto aliyeanza kujificha ghafla baada ya tukio fulani, au kila anapoingia mtu fulani, usimlazimishe atoke na usimhoji mbele ya watu. Kaa naye, msikilize, na ukishuku anaumizwa piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Kuna pia wale wa miaka miwili hadi minne wanaojificha nyuma ya kochi wakikaza miguu na uso: hao mara nyingi wanazuia choo kwa sababu kiliwauma, na shida ni tumbo. Kliniki itawasaidia. Na akianguka na kupiga kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia kusiko kwa kawaida au akawa haeleweki, usingoje asubuhi.

Kwa hayo ya makuzi anzia kituo cha afya kilicho karibu nanyi, watakuelekeza kwa wataalamu wa tiba kazi (occupational therapy) walioko hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Pwani. Mwalimu wake naye anaweza kukuandikia uende EARC, kituo cha kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu, wampime. Kwa uliyonieleza, mwanao hajafika huko: anajenga, anamwita dadake, analia kwa sababu inayoeleweka. Lakini ukiona moja ya dalili hizo na ukaamua kwenda, mrekodi video fupi akiwa nyumbani bila yeye kujua, maana mbele ya wageni watoto hunyamaza, na mtaalamu atafaidika zaidi na dakika mbili hizo kuliko na maelezo yako yote.